Aliyechelewesha Mtihani wa Chiriku

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 8 Septemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na salamu hizi uzipokee ukiwa umekaa. Hujambo? Shemeji hajambo? Presha yako imeshuka, au bado mnavutana? Na wale watoto watatu uliobaki nao, wanasoma vitabu au wanasoma simu tu? Nakuuliza yote haya kwa moyo safi, ingawa unanijua tangu utotoni kwamba nikianza kuuliza hali ya kila mtu mpaka paka, nina jambo.

Huku sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema ile shali uliyomtumia imekuwa sare yake ya kila siku. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua, na linakosea kama kawaida. Duka la chini wamepata mteja wa vioo vikubwa, kwa hiyo nikishuka ngazi asubuhi najiona mara sita kabla sijafika barabarani. Si jambo la kumfurahisha mtu wa umri wangu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini tunajuana, Dada. Nikisema neno moja wewe unasema kumi, na kabla sijafika kwenye kiini cha habari umeshatoa hukumu na kukata. Karatasi haikatizwi. Ndiyo maana nimemwomba mwenzangu wa idara ya mimea, anayesafiri kuja huko kesho, akukabidhi barua hii mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi iliyopita, ulipopata tarehe mpya ya mtihani, ulimpigia mwanao ukamwambia kwamba amekuaibisha. Mwezi wa tano ulichukua likizo, ukawaaga wauguzi wenzako wodi nzima, ukafunga sanduku uje kumwona akitahiniwa juu ya tasnifu yake, halafu ukaambiwa mtihani umeahirishwa miezi minne. Ukasema hukuzaa mtoto wa kuahirisha mambo. Dada, maneno yale yalimfikia asiyehusika. Mtihani ule niliuahirisha mimi, mdogo wako, kwa mikono yangu miwili na kijiko. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua ukiulizwa na majirani unasema binti yako anasomea kompyuta na mdogo wako anaosha chupa. Mimi nafuga bakteria. Wewe huko hospitali unawaua, mimi huku nawalisha. Ndivyo ndugu wa tumbo moja tulivyogawana kazi. Hawa wetu ni wapole, hawamdhuru mtu. Wanakaa kwenye chupa za mchuzi maalumu, ndani ya kabati la joto la nyuzi thelathini na saba, na wanaishi vizuri kuliko wapangaji wengi ninaowafahamu.

Sasa kila bakteria, pamoja na udogo wake, ana jeni zaidi ya elfu nne. Hawezi kuzitumia zote kwa mpigo. Angekuwa kama nyumba ambayo taa zote zinawaka, redio zote zinalia na mabomba yote yako wazi. Kwa hiyo karibu na jeni kuna swichi, kipande kifupi cha herufi za vinasaba. Sukari ikija, swichi hii inawashwa. Chumvi ikizidi, ile inazimwa. Shida ni kwamba hakuna aliyetuachia orodha ya swichi. Kuna herufi milioni nne na ushee, zimeandikwa mfululizo bila nafasi wala nukta, nawe utafute humo swichi iko wapi na inawashwa na nini. Zamani tulitafuta moja moja. Nilimfahamu msomi aliyezeekea kwenye swichi mbili, na ya pili hakuwa na uhakika nayo.

Mwanao Chiriku akaja na akili bandia. Alitengeneza programu, akaipa herufi zote milioni nne, kisha akaipa madaftari yangu ya miaka tisa: siku gani, saa ngapi, bakteria walikula nini, na baada ya kupimwa jeni zipi zilikutwa zimewaka. Programu ikawa inalinganisha herufi na madaftari, madaftari na herufi, inabahatisha, inakosolewa, inabahatisha tena, mpaka ikaanza kusema yenyewe kwamba kipande hiki ni swichi na kinawashwa na kitu fulani. Wanafunzi wana jina lao refu la kuiita. Mimi naiita Mdaku, na muda si mrefu utajua kwa nini.

Kusema kweli nilivimba kichwa. Pale maabara wananiita Mizani, Dada, kwa sababu kwa miaka yote hiyo sijawahi kukosea kipimo hata tone. Mwanao alipochapa madaftari yangu kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, alikuwa akiwaonyesha wenzake mwandiko wangu. Nikaanza kuvaa koti jeupe lililopigwa pasi.

Basi mwezi wa tatu Mdaku akaibua jambo. Akasema kuna jeni arobaini na moja, zimetawanyika huku na huko, lakini zote zina kialama kimoja cha herufi kinachofanana, na zote zinawaka saa saba mchana. Saa tatu asubuhi zimezima. Saa saba zinawaka. Saa kumi jioni zimezima tena. Kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka.

Maabara ililipuka. Maana yake, alisema Chiriku, ni kwamba bakteria wetu wana saa. Kuna bakteria wa aina nyingine wanaojua mchana na usiku, lakini hawa wa kwetu hakuna aliyewahi kuwadhania hivyo. Wakae gizani ndani ya kabati, bila dirisha, halafu wajue kwamba ni saa saba? Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja wa maneno machache ambaye tunamwita Bibi Nukta kwa sababu akishasema ndiyo basi, yeye mwenyewe alitabasamu. Walioshuhudia wanahesabika. Tasnifu ya mwanao ikapata sura mpya katikati, yenye kichwa kirefu kuhusu saa ya mchana, na mtahini wa nje akatafutwa, bingwa wa mambo ya saa za viumbe, akakubali kuja.

Siku moja Chiriku akaniita nione grafu. Alikuwa ameibandika ukutani, ndefu kama kitambaa cha meza ya harusi, miaka tisa mfululizo. Vilima vya saa saba vimejipanga kama meno. Isipokuwa mahali pamoja, miaka mitano nyuma, mwezi wa pili. Pale palikuwa tambarare kabisa. Mwezi mzima saa ile haikulia. Vijana wa kompyuta walikuwa wanabishana kama ni majira ya mwaka au ni umeme. Yeye akanigeukia, kalamu mdomoni, akaniuliza mwezi ule maabara kulikuwa na nini.

Dada, mwezi ule ndio niliong'olewa meno. Unakumbuka, matano kwa mpigo, ukanicheka kwenye simu mpaka ukaishiwa pumzi. Mwezi mzima nilikunywa supu ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Sikula chakula cha kutafuna hata siku moja.

Nikamjibu kwamba hakukuwa na kitu. Nikaenda chumba cha kuoshea vyombo nikaanza kuosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi.

Sasa nitakwambia nisichowahi kumwambia mtu. Chumba cha chai pale kwetu kiko chini kabisa, ngazi sitini na mbili, na goti langu unalijua. Chombo cha kupashia chakula kiko kimoja na foleni ya wanafunzi haina mwisho. Na mimi chakula baridi hakinipiti. Sasa pale mbele yangu kuna kabati zuri, safi, lenye joto la uhakika mchana kutwa. Nikajaribu siku moja, nikaona mambo si mabaya. Tangu siku hiyo, kila saa sita na nusu, natoa mkebe wangu kwenye friji, nauingiza kabatini, na kwa dakika ishirini wali na maharage vinapoteza ule ubaridi wa kuumiza meno. Ni ule mkebe mkubwa wa bati ulioninunulia wewe nilipoajiriwa. Sisemi kwamba una sehemu ya lawama. Nasema tu kwamba ungekuwa mdogo kidogo ungeenea bila kuwasumbua watu.

Maana haukuenea. Ili mkebe uingie, ilibidi chupa za bakteria zitoke. Nilikuwa naziweka mezani, kwa uangalifu mkubwa, naziegemeza zisianguke. Dakika ishirini. Halafu nazirudisha, nakula, na saa saba kamili nachukua sampuli. Kipima joto cha kabati hakikuwahi kusema lolote, kwa sababu kabati lilikuwa na joto lake vilevile. Waliokuwa wanatetemeka walikuwa nje, juu ya meza, wakiyapisha maharage.

Na juu ya mlango wa kabati lile, Dada, kuna tangazo: NI MARUFUKU KABISA KUWEKA CHAKULA HUMU. Mwandiko ni wangu. Sahihi ni yangu. Mimi ndiye mwangalizi wa usalama wa maabara.

Kwa hiyo bakteria hawakuwa na saa. Saa nilikuwa nayo mimi, tumboni.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ileile. Nilijaribu. Mara ya kwanza ilikuwa hapa nyumbani anapokaa nasi Chiriku, jikoni, anakata vitunguu. Nikasema kuna jambo. Akanitazama huku machozi ya vitunguu yanamtiririka, akasema bila madaftari yangu asingefika popote, na kwamba amewaambia hivyo wenzake wote. Nikachukua kisu nikamalizia vitunguu, nikapata kisingizio cha kulia.

Mara ya pili nilimwandikia kikaratasi nikakiweka juu ya kompyuta yake. Lakini woga ulinifanya niandike kama wakili: kwamba katika kutathmini matokeo ya mchana, isisahaulike uwezekano wa mchango wa kibinadamu katika hali ya joto. Alikisoma, akanishukuru kwa ushauri mzuri, akaenda kufungua madirisha yote ya maabara ili nisisikie joto mchana.

Baada ya hapo nikajifanya hamnazo. Nikajiambia, nani atajua? Mkebe hausemi, bakteria hawasemi. Nikaendelea hata kupasha, kwa sababu nikiacha ghafla saa ya bakteria itasimama na watu watauliza. Hebu fikiria, mtu mzima anakula chakula chake kwa wajibu, hata siku ambayo hana njaa, ili kulinda ugunduzi. Wifi yako akawa anashangaa ninavyomsisitiza asisahau kunifungia.

Kilichonivunja ni barua ya yule mtahini wa nje. Bibi Nukta alitusomea. Mzee yule aliandika kwamba amefurahishwa mno na saa ya mchana, kiasi kwamba kabla ya mtihani angerudia jaribio lile kwenye maabara yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nikahisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Kule kwake hakuna mkebe wangu. Atawaweka bakteria kwenye joto, atasubiri saa saba, na hakuna jeni hata moja itakayowaka. Na itakapokuwa hivyo hakuna atakayeuliza habari za fundi na maharage yake. Watasema binti alitunga. Jina lake lingeharibika kabla halijaanza kutumika, na yeye angekaa anajiuliza maisha yake yote alikosea wapi.

Siku iliyofuata nilipiga moyo konde. Kwa kuwa kusema kulinishinda, niliamua kuonyesha. Saa sita na nusu nikamwomba aje mara moja. Akaja, kalamu mdomoni kama kawaida. Nikafungua kabati mbele yake, nikatoa chupa moja moja nikazipanga mezani, nikachukua mkebe kwenye friji nikauingiza, nikafunga mlango. Tangazo langu likawa linatutazama wote wawili.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Ninachofanya kila siku."

Aliutazama mkebe kupitia kioo. Akazitazama chupa. Akatazama saa ya ukutani. Unamjua mwanao akipiga hesabu, midomo inacheza. Nilikuwa nasubiri ifike mwisho, na ilipofika niliona.

"Tangu lini?"

"Tangu tuletewe kabati hili. Kasoro mwezi ule niliong'olewa meno."

Alivuta stuli akakaa. Ningeshukuru kama angepiga kelele. Akavua glavu polepole, kidole kwa kidole, akatoka nje. Kwa siku mbili hakunisemesha ila shikamoo, na shikamoo zenyewe za heshima kamili, asubuhi na jioni, kama anamsalimu mkwe. Nilikiona cha moto. Wifi yako, ambaye ilibidi nimweleze, alisema kitu kimoja tu, kwamba sasa ameelewa kwa nini mkebe ulikuwa unarudi unanuka dawa.

Siku ya tatu Chiriku alikuja mezani kwangu na karatasi iliyopigwa mistari. Akasema hataki kuniona nikisikitika, hana muda, anataka nirudie kosa langu sawasawa. Lakini safari hii kwa vipimo.

Dada, hujawahi kuona chakula kinavyoheshimiwa. Kwa wiki tano mchana wangu ulikuwa jaribio. Siku moja mkebe uingie na chupa zitoke. Siku nyingine chupa zitoke bila mkebe kuingia. Siku nyingine mkebe uingie, chupa zibanwe humohumo kwa nguvu. Siku nyingine mkebe uwe na maji matupu, ili kuwaridhisha watakaodhani ni harufu ya maharage. Na ndani ya kila chupa kipima joto kidogo, na saa za kufanya hivyo zibadilishwe, mara saa nne, mara saa tisa. Wali ulipimwa, gramu mia tatu. Maharage, gramu mia mbili. Yote yakaandikwa kwenye tasnifu. Wifi yako aliposomewa ukurasa ule alinuna, kwa sababu hawakutaja popote kwamba yalikuwa yameungwa vizuri. Na mimi, kwa amri ya jedwali, sikuruhusiwa kula mpaka sampuli zote zichukuliwe. Nilipungua.

Jibu likawa wazi. Ni baridi. Chupa zikitoka saa nne, jeni zinawaka baada ya saa nne. Zikitoka saa tisa, zinawaka baada ya saa tisa. Zisipotoka, kimya. Saa ya mchana ikafa, na sura nzima ya tasnifu ikaenda kapuni, kurasa sabini. Nilimwona akizifuta. Alizifuta kwa kidole kimoja, na sikuweza kumtazama usoni.

Lakini sikiliza sehemu hii vizuri, kwa sababu hapa ndipo mwanao alipowashinda wote. Kati ya zile jeni arobaini na moja, nyingi zilishajulikana kwamba zinaamshwa na baridi. Mdaku hakuambiwa hilo. Hakuambiwa kuna meza, wala mkebe. Alisoma herufi na madaftari tu, akaona kialama kile, akasema hawa wote wanaamshwa na kitu kimoja. Na katika orodha yake kulikuwa na jeni tisa ambazo hakuna mtu popote aliyejua zinafanya nini. Chiriku akachukua moja, akabadilisha herufi sita za kialama kile, akawaweka bakteria kwenye baridi. Jeni haikuwaka. Akarudisha herufi zilivyokuwa, ikawaka. Swichi imepatikana, Dada. Programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tulichokosa ni mtu mmoja wa kusema ukweli kuhusu saa sita na nusu.

Yote hayo yalikula miezi minne. Hiyo ndiyo miezi unayomdai.

Kwa Bibi Nukta nilikwenda mwenyewe, na barua ya kukiri ya kurasa mbili. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye tangazo langu la mlangoni alikaa. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kwenye boksi, kalamu, kikombe, picha ya watoto, maana nimebakiza miaka miwili kustaafu na sikutegemea kuifikisha. Akasema kazi sifukuzwi. Akanivua uangalizi wa usalama, akamkabidhi ufunguo wa kabati mtu mwingine, na akaamuru kwamba kila mwaka, wanafunzi wapya wakifika, mimi ndiye nitakayesimama mbele yao na kueleza nilichofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho, mkebe nikiwa nao mkononi. Nimeshafanya mara moja. Walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama naweza kurudia.

Sasa nimefika kwenye Alhamisi.

Nilikuwa natoka kununua mkate. Nimefika mlangoni nasikia Chiriku yuko jikoni anazungumza nawe. Sikukusudia kusikiliza, lakini sauti yako kwenye simu inafika mpaka duka la vioo. Nikamsikia anasema ndiyo mama, ni mimi, nilizembea, nilipanga vibaya, nisamehe. Nikangoja ataje jina langu. Hakulitaja. Nikamsikia tena, ndiyo mama, najua ulichukua likizo, ni kosa langu. Na wewe ukaendelea, na yeye akaendelea kuitikia, mpaka ukakata.

Nikaingia. Nikamuuliza kwa nini ameubeba mzigo usio wake, wakati neno moja tu lingemtosha. Alikuwa anafuta meza, na hakuacha kufuta.

"Mama ana watoto wanne, Mjomba," akasema. "Ndugu wa tumbo moja anaye mmoja."

Nililia, Dada. Mtu wa miaka hamsini na minane, nimesimama jikoni na mkate kwapani, nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Akaniapisha nisikwambie. Anasema ukimkasirikia yeye utapoa baada ya wiki, umeshazoea kumpoza mmoja ukimwasha mwingine, lakini ukinikasirikia mimi utabaki peke yako huko mbali bila mtu wa kumwuliza mama yetu alikuwa anacheka vipi. Nikaapa. Nikakaa na kiapo kile Ijumaa na Jumamosi, na leo asubuhi nimekivunja, kama unavyosoma.

Nisalimie shemeji, na mwambie asije akaisoma barua hii kwa sauti mbele ya wageni. Wasalimie wale watatu, hasa kitindamimba. Msalimie yule bibi jirani yako anayekuuliza kila siku kama nimeoa. Mwambie ni mwaka wa thelathini sasa. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akushushie ile presha kabla hujafika aya inayofuata.

Mtihani ni tarehe ishirini na sita mwezi huu, saa nne asubuhi. Najua likizo imekwisha na huwezi kuja. Nitakaa mstari wa mbele kwa niaba yako, nimeshamwomba. Hasira zako nitumie mimi zote, zitakuta nimekaa nazingoja, sitakukatiza. Lakini mpigie yeye kwanza, na usimwulize chochote. Mwambie tu kwamba umejua.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye na kukuogopa,

Mjomba wa Chiriku.